Kiwanja cha Kona

Mtu akishuka Itigi na kuuliza njia ya kwenda kwa mwenyeji wake, aghalabu ataelekezwa kwa moja ya majina matatu: Mjini, Majengo au Tambukareli. Leo haya ni majina ya kata, na tumeyazoea kiasi kwamba hatuulizi tena maana yake. Lakini yamebeba historia ya mji. Mjini ni penye stesheni na maduka. Majengo, katika miji mingi ya Afrika Mashariki, tangu Moshi na Dodoma hadi Nairobi na Mombasa, ni jina la mahali ambapo Waafrika walielekezwa kujenga. Na Tambukareli linajieleza lenyewe: vuka njia ya garimoshi ndipo ufike. Mji mdogo kama Itigi una majina matatu yanayosema nani akae wapi na ajenge nini.

Katika kurasa hizi nataka kueleza historia ya jambo linalogombanisha ndugu na majirani kila mwaka: ruhusa ya mwenye kiwanja kuongeza nyumba nyingine juu ya kiwanja kile kile. Nimechagua kiwanja cha kona kwa sababu huko faida na madhara ya kuongeza nyumba huonekana haraka zaidi. Kiwanja cha katikati kina jirani kulia, jirani kushoto na jirani nyuma. Kiwanja cha kona kina barabara mbili, na anayejenga hapo anajenga mbele ya macho ya mtaa mzima.

Tuanze kabla ya viwanja. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19 waliliita pori la kati ya Ugogo na Unyamwezi Mgunda Mkali, yaani shamba kali, kwa sababu ya ukame wake na uhaba wa watu. Burton na Speke walipita nchi hiyo mwaka 1857 wakielekea Tabora. Vichaka vya Itigi, ambavyo wataalamu wa mimea wanavijua duniani kote kwa jina hilo hilo, ni msitu mfupi uliosongamana hata mtu hapenyi bila panga. Watu wa kandokando yake, Wagogo, Wakimbu, Wanyaturu na wengineo, hawakukosa ardhi ya kujenga. Walichokitafuta kilikuwa maji.

Nyumba yao ilikuwa tembe. Wenye umri wangu wanaikumbuka: nyumba ndefu ya miti na udongo, paa lake bapa lililofunikwa udongo, fupi kiasi kwamba mtu mzima akisimama nje aliweza kuugusa ukingo wa paa. Tembe haikujengwa ikaisha. Ilianza na upande mmoja. Mwana akioa, ukuta ulirefushwa. Akija mke wa pili, naye alipata sehemu yake. Hatimaye pande zikazunguka ua ambamo ng'ombe walilala. Kuongeza nyumba lilikuwa jambo la baba na wanawe, na kipimo kilikuwa idadi ya watu na mifugo. Hakuna aliyeuliza kama ua umejaa kupita kiasi, kwa maana ua ukijaa kijana alikwenda kuanza tembe yake mbele kidogo.

Serikali iliingia katika jambo hili kwa mlango wa kodi. Kodi ya Wajerumani iliyoanza mwaka 1898 ilihesabiwa kwa nyumba. Kwa mara ya kwanza, aliyeongeza nyumba aliongeza deni lake kwa serikali, na kwa sababu hiyo wako watu walioamua kubanana katika nyumba chache ili walipe kidogo. Miaka 3 kabla ya hapo, tarehe 26 Novemba 1895, amri ya Kaisari ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe, kwa namna walivyoelewa wao umiliki, ni mali ya Dola. Hapo zilizaliwa hoja mbili ambazo hadi leo hukutana juu ya kila kiwanja: ardhi ni ya nani, na nyumba ngapi zimesimama juu yake.

Reli ndiyo iliyoleta mji. Kazi ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Itigi ipo katika kipande cha kati ya Dodoma na Tabora, kwa hiyo reli ilipita hapo katika miaka hiyo miwili ya 1910 hadi 1912. Stesheni za namna hiyo ziliwekwa kwa mahitaji ya injini, iliyohitaji maji na kuni, kuliko kwa mahitaji ya watu. Watu walifuata baadaye. Kwanza wafanyakazi wa reli katika kota zao, kisha wenye maduka, kisha wauza nafaka na asali, kisha jamaa za wote hao. Mji wa reli hukua kama mkia wa stesheni yake, na kabla haujapimwa tayari una wenyewe.

Sheria iliyokuja kuupima mji huo haikuzaliwa Itigi wala Manyoni. Mwaka 1891 mji wa Frankfurt, Ujerumani, chini ya meya wake Franz Adickes, ulipitisha kanuni za ujenzi zilizougawa mji katika kanda. Kanda ya ndani iliruhusiwa majengo marefu yaliyobanana, na kanda za nje zikatakiwa ziwe na majengo mafupi na nafasi kubwa kati ya nyumba na nyumba. Nia iliyotajwa ilikuwa hewa, mwanga na afya ya wakazi. Mwaka huo huo wa 1891, Dar es Salaam ilipofanywa makao makuu ya koloni, nayo ilipata kanuni zake za ujenzi. Nazo ziliugawa mji kwa kanda, ila kigezo kilikuwa namna ya nyumba: hapa majengo ya Kizungu tu, pale majengo ya vifaa vya kudumu, na kule mbali vibanda vya wenyeji. Kwa maneno, kanuni ilisema juu ya mawe na makuti. Kwa vitendo kila mtu alielewa kwamba inasema juu ya watu, kwa kuwa aliyekuwa na fedha ya mawe alijulikana na asiyekuwa nayo alijulikana.

Waingereza waliipokea nchi wakaupokea na mpango wenyewe. Mwaka 1914 Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa magonjwa ya tauni, alikuwa ametoa ripoti yake ya afya kwa Kenya, Uganda na Zanzibar, akashauri miji igawanywe kwa asili ya watu na kati yao paachwe uwanja mtupu ili maradhi yasivuke. Dar es Salaam ya miaka ya 1920 ilikuwa na kanda tatu kamili: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kati ya Uhindini na Kariakoo. Kila mji wa bara uliiga kwa kadiri ya uwezo wake. Mji mdogo ambao haukuweza kupata kanda tatu ulipata mbili na njia ya reli katikati.

Hapa nataka msomaji asinielewe vibaya. Mara nyingi tukizungumza historia hii tunaishia kusema kwamba sheria za mipango miji ni za kikoloni, basi zitupwe. Mimi naona sheria hizi zina wazazi wawili. Mzazi mmoja ni hofu, yaani mtu kumwogopa mtu wa aina nyingine asije akakaa karibu naye. Mzazi wa pili ni choo. Panapokaa watu wengi juu ya kiwanja kidogo patachimbwa vyoo vya shimo vingi, na mahali wanapokunywa maji ya kisima, choo cha jirani ni habari ya kila mtu. Mzazi huyu wa pili hana rangi wala kabila. Tabu ya historia yetu ni kwamba wazazi hawa wawili walioana mapema, na watoto wao wanafanana hata ni vigumu kujua yupi amerithi nini.

Wala si sisi peke yetu. Marekani, nchi inayojulikana kwa mtu kuwa na uhuru na mali yake, mji wa Louisville katika jimbo la Kentucky ulijaribu kuweka sheria kwamba mtu mweusi asihamie mtaa wenye weupe wengi. Mwaka 1917 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliitangua. Miaka 9 baadaye, mwaka 1926, mahakama hiyo hiyo iliamua kesi ya kijiji cha Euclid, jimbo la Ohio, na kukubali kwamba serikali ya mtaa ina haki ya kutenga eneo la nyumba za familia moja moja na kukataza majengo ya kupangisha humo. Jaji aliyeandika hukumu alilifananisha jengo la wapangaji na mdudu anayeishi kwa kunyonya uzuri wa mtaa. Kwa hiyo lililokatazwa kusemwa kwa rangi likaruhusiwa kusemwa kwa idadi ya nyumba katika kiwanja. Asiyeweza kununua nyumba nzima alibaki nje, na sheria haikuhitaji kumtaja.

Kwetu uhuru ulifuta majina lakini haukufuta vipimo. Uzunguni, Uhindini na Uswahilini katika ramani za wapimaji vikawa maeneo ya ujazo mdogo, wa kati na mkubwa. Sheria kuu ya mipango miji ya mwaka 1956 iliendelea kutumika, ikirekebishwa hapa na pale, hadi ilipokuja Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Nusu karne nzima, tena nusu karne ambayo nchi ilibadili bendera, ikabadili siasa ya uchumi mara mbili, ikahamisha watu vijijini na kuwarudisha mijini, ilhali kanuni ya nyumba ngapi zikae katika kiwanja ikibaki na mifupa ile ile.

Na mifupa hiyo haikupata kamwe kulingana na nyumba tunayoishi. Nyumba ya Kiswahili, ambayo kutoka pwani ilifuata reli hadi Kigoma, ina ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na nyuma ina uani wenye jiko, choo na banda. Tangu mwanzo ni nyumba ya watu wengi. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili, vingine hupangisha. Uani ndipo nyumba inapokulia: leo banda la kuku, mwakani chumba cha kijana, mwaka wa tatu vyumba viwili vya wapangaji. Ukiitazama vizuri, ni tembe iliyovaa bati. Mpimaji aliandika katika ramani yake nyumba moja, kiwanja kimoja, familia moja. Lakini fundi na mwenye nyumba walijua kwamba wanajenga kitu kingine.

Aliyenufaika zaidi na uani huu alikuwa mwanamke asiye na mshahara. Historia ya Pumwani, ndiyo Majengo ya Nairobi, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1920, inaonyesha kwamba wanawake wengi walijenga na kumiliki nyumba huko wakaishi kwa kodi ya vyumba. Hawakuwa na ardhi ya ukoo, maana mila za kwao hazikuwapa, wala hawakuandikwa kazi. Chumba cha kupangisha kilikuwa shamba lao. Katika miji yetu ya reli nako, kila mtaa una bibi aliyesomesha watoto kwa vyumba vitatu vya uani. Kwa hiyo kila kanuni inayosema uani usijengwe, hata iwe na sababu njema kiasi gani, huanza kwa kumgusa yeye.

Kuna wakati serikali yetu yenyewe ilikitazama chumba cha kupangisha kwa jicho kali. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha, na mwaka 1971 sheria ikachukua majengo yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 ambayo wenyewe walikuwa wakiyapangisha. Nia ilikuwa kuzuia unyonyaji, na wapo walioupata unafuu. Lakini Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, halikuweza kujenga kwa kasi ya watu waliohamia mijini. Kuanzia mwaka 1974 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ikageuza njia: ipime viwanja, ilete maji na barabara, wananchi wajenge wenyewe. Sinza ya Dar es Salaam ni mtoto wa mpango huo. Aliyepita Sinza hivi karibuni ameona kilichotokea: kwenye kona kuna fremu za maduka, nyuma yake nyumba ya asili, na uani ghorofa. Hayo hayakuandikwa katika mpango, lakini yamewapa watu wengi mahali pa kulala. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lilipomruhusu kiongozi naye kupangisha nyumba yake, sheria ilikuwa inakiri tu jambo ambalo mitaa ilikwisha kulijua.

Sasa niseme kuhusu kona yetu. Marehemu baba yetu alikuwa mtu wa reli, na aliacha Majengo kiwanja chenye nyumba ya vyumba sita na uani mpana. Sisi ni ndugu wanne. Dada yetu ni mjane, na ndiye aliyebaki na nyumba. Ameomba tumkubalie ajenge vyumba vinne upande wa barabara ndogo, kila kimoja na mlango wake, awapangishe wafanyakazi wa hospitali na walimu. Hospitali ya Mtakatifu Gaspari huvuta watu wengi Itigi, na wauguzi vijana hutafuta chumba chenye mlango wake. Kaka yetu mkubwa anataka fremu za maduka pembeni kabisa, pale barabara zinapokutana, kwa hoja kwamba kona isiyo na duka ni fedha iliyolala. Mdogo wetu anataka kiwanja kigawanywe vipande viwili, kimoja kiuzwe, kila mtu apewe chake.

Tulipokaa, dada alisema neno ambalo nimeendelea kulifikiri. "Kaka zangu," alisema, "nyie mnagawana kiwanja. Mimi naomba chakula." Kaka mkubwa akajibu kwa upole, "Dada, hata mimi sikatai, ila sheria ya mji hairuhusu mtu kujaza kiwanja." Jirani wa nyuma, mzee anayetupenda na ambaye tunamwita baba mdogo, alikuwa amealikwa kama shahidi. Yeye hakutaja sheria hata kidogo. Aliuliza, "Wanangu, hao wapangaji wanane choo chao kitakuwa upande gani?" Kisima chake kiko karibu na ukuta wetu.

Nikaona mezani mambo yote ya miaka zaidi ya 100. Kaka alitaja sheria bila kuijua, kama wengi wetu tunavyofanya tukitaka kukataa bila kuonekana tumekataa. Baba mdogo alitaja sababu ya sheria bila kujua kwamba ni sheria. Na dada alisema lile ambalo sheria kwa muda mrefu haikulisikia.

Nilipokwenda kutafuta maelezo, niliona kwamba jambo lenyewe si gumu kama tunavyolitisha. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, inamtambua mwanamke kuwa na haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Hati hutolewa kwa muda usiozidi miaka 99, na huwa na masharti ya matumizi. Anayetaka kubadili matumizi, mathalani kutoka makazi kuwa makazi na biashara, hupaswa kuomba. Chini ya sheria ya mwaka 2007, kugawa kiwanja huhitaji idhini ya mamlaka ya mipango. Na jengo lolote jipya huhitaji kibali cha ujenzi chenye michoro. Kwa hiyo maombi ya ndugu zangu hayakuwa sawa mbele ya sheria. Mdogo wetu anaomba kugawa, kaka mkubwa anaomba kubadili matumizi, na dada anaomba kuongeza vyumba vya makazi penye makazi. Ombi la dada, ambalo katika kikao lilisikika kuwa kubwa kuliko yote, kisheria ndilo lililo jepesi kuliko yote.

Ila kona ina mambo yake. Kila kiwanja hutakiwa kuacha nafasi kati ya jengo na mpaka wa barabara. Kiwanja cha kona hukatwa nafasi hiyo pande mbili, kwa hiyo kwenye ramani ni kikubwa lakini sehemu ya kujengwa hupungua. Pale pembeni kabisa jengo halipaswi kuziba macho ya anayeendesha, kwa sababu bodaboda itokayo barabara ndogo haitamwona mtoto anayevuka kubwa. Fremu za kaka zingekaa hapo hapo. Maji nayo hayana budi kufikiriwa. Itigi ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na mvua hiyo ikinyesha hunyesha kwa hasira; bati la vyumba vinne likimwaga maji barabarani, mfereji wa mtaa utayapeleka kwa mtu. Bati hilo hilo likielekezwa kwenye tangi, dada atapata maji ambayo katika nchi ya Mgunda Mkali ni mali.

Tulikubaliana hivi. Vyumba vijengwe vitatu badala ya vinne, katika mstari mmoja upande wa barabara ndogo. Choo kiwekwe mbali na ukuta wa baba mdogo, na shimo lake liwe moja, kubwa na lililojengewa, badala ya mashimo mawili. Pembe ya barabara ibaki wazi. Kaka akitaka duka atafute fremu Mjini. Kiwanja kisigawanywe maadamu dada yu hai. Mdogo wetu hakufurahi, naye ana haki yake ambayo siku moja itabidi ijadiliwe. Mchoro umechorwa, na maombi ya kibali yanaandaliwa.

Nimeeleza habari ya nyumbani kwa sababu naamini ndiyo habari ya mji mzima. Itigi ilikuwa sehemu ya halmashauri ya Manyoni hadi katikati ya miaka ya 2010 ilipopata halmashauri yake. Mji unaopata halmashauri hupata ofisi, na ofisi huleta watumishi wanaotafuta vyumba. Barabara ya lami imefika. Mkataba wa kujenga reli ya kisasa kipande cha Makutupora hadi Tabora ulisainiwa Desemba 2021, na kipande hicho kinafuata njia ile ile iliyopitwa na reli ya Wajerumani. Watu watakuja, kama walivyokuja baada ya 1912, na watalala mahali fulani. Kuna njia mbili tu. Wataongezewa vyumba ndani ya mji uliokwisha kupimwa, penye barabara na bomba, au mji utatambaa kuingia vichakani, kila nyumba ikifuata bei rahisi ya shamba, na baada ya miaka 20 serikali itakuja kurasimisha kwa gharama kubwa kile ambacho ingekipanga kwa gharama ndogo. Dar es Salaam ilipita njia ya pili, na zaidi ya nusu ya wakazi wake wamejikuta katika makazi yasiyopangwa.

Miji iliyotufundisha kanda imeanza kuzilegeza. Baraza la mji wa Minneapolis, Marekani, lilikubali mwaka 2018 kwamba kiwanja kilichokuwa cha nyumba moja kiweze kuwa na makao matatu, na jimbo la Oregon lilipitisha sheria ya mwaka 2019 inayotaka miji yake mikubwa iruhusu zaidi ya nyumba moja katika viwanja vya namna hiyo. Sababu yao ni kwamba vijana wao hawawezi tena kumudu nyumba. Wamerudi, kwa njia ndefu na ya gharama, kwenye uani.

Sisi hatuhitaji kuwaiga, kwa kuwa uani tunao. Tunachohitaji ni kanuni inayoukubali uani kisha ikaulinda: isihesabu milango, ihesabu vyoo na umbali wake na kisima, isiulize mpangaji ni nani, iulize maji ya bati yanakwenda wapi, ilinde pembe ya barabara, imwachie mwenye nyumba sehemu iliyobaki. Halmashauri ya mji mdogo ingeweza kutoa mchoro wa mfano wa vyumba vya uani, kimoja cha kiwanja cha katikati na kimoja cha kiwanja cha kona, ili mjane asilazimike kumlipa mchoraji kabla hajanunua tofali la kwanza. Kibali kikiwa ghali na cha kungoja sana, watu hawaachi kujenga. Hujenga Jumamosi na Jumapili ofisi zikiwa zimefungwa, na hapo ndipo choo huchimbwa karibu na kisima cha baba mdogo.